Simba Kubwa, Paka Kali

Basi lilinishusha Gairo saa kumi na moja jioni, na upepo ukanipokea kabla ya dada yangu. Nilikuwa nimeondoka stendi ya Msamvu, Morogoro, na shati la mikono mifupi, jasho likinitiririka; hapa wenyeji walikuwa ndani ya makoti. Barabara ya Dodoma ndiyo tabia yake. Ukiwa Dumila bado uko kwenye joto la bondeni, kisha gari linaanza kupanda, Milima ya Ukaguru inajipanga mkono wa kushoto, na hujamaliza kulalamikia joto unajikuta unafunga dirisha. Wachuuzi walikuwa wameshalizunguka basi na viazi vitamu kwenye sado, vingine vinene kama paja la mtoto, konda akiwafokea wapishe mlango.

Nilikuja kwa shughuli ya ukoo. Binti mkubwa wa dada yangu alikuwa ameletewa posa, na Wakaguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, kwa hiyo kikao cha mahari bila mjomba hakikaliki. Kikao chenyewe kilikuwa Jumapili. Jumamosi nilikuwa mtu huru na nilikusudia kuilala. Kusudio hilo lilivurugwa na mpwa wangu mdogo, mwanafunzi wa kidato cha tatu, aliyenisubiri sebuleni na daftari mkononi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Masomo?"

"Mazuri. Mjomba, si wewe ndiye unayesahihisha vitabu vya Kiswahili?"

Nilikubali kwa tahadhari. Kazi yangu ni uhariri wa vitabu vya shule, na ndugu wakianzia hapo ujue wana jambo.

Akafungua daftari. Alikuwa amechora mnyama mwenye kichwa kama pipa, na chini yake ameandika kwa wino mwekundu: Simbakubwa kutokaafrika. "Hili jina nani kalitunga? Mwalimu wetu wa Kiswahili angempa sifuri. Ni simba mkubwa! Halafu mwone na huyu." Ukurasa wa pili ulikuwa na mnyama mdogo zaidi, macho ya hasira, jina lake Pakakali rukwaensis. "Paka kali. Kwani hawajui paka ni mkali?"

Nilicheka, kisha nikaona haya. Majina hayo nilikuwa nimeyapitia mara nyingi na kalamu yangu nyekundu haikuwahi kushtuka.

Ni majina halali ya kisayansi, na yote mawili yalitungwa na watafiti walewale, Matthew Borths na Nancy Stevens wa Marekani. Pakakali alitangazwa mwaka 2017. Mabaki yake yalitoka kwetu, katika miamba ya Nsungwe kwenye Bonde la Rukwa, kusini magharibi mwa nchi, na umri wake ni miaka milioni 25 hivi. Alikuwa mnyama wa kiasi cha simbamangu. Simbakubwa alifuata mwaka 2019. Huyo anatoka Meswa Bridge, magharibi mwa Kenya, na ana miaka kati ya milioni 22 na 23. Taya lake lilikuwa limefukuliwa miongo kadhaa kabla na kulazwa katika droo ya makumbusho ya Nairobi, likingoja mtu wa kulitazama mara ya pili. Kuhusu uzito wake, waliomwandika walitoa makadirio yaliyopishana kuanzia kilo 280 hadi zaidi ya kilo 1,500, kutegemea kanuni ipi unapigia hesabu. Mimi nikiona makadirio yamepishana hivyo huwa nashika namba ya chini, lakini mpwa wangu alikuwa ameshaandika ile ya juu na kuipigia mstari.

Kuhusu ngeli nilijaribu kuwatetea. Nilisema pengine walimuuliza mtu wa Nairobi, maana huko simba kubwa hupita barabarani bila kusimamishwa na mtu. Nilisema pia kwamba wangeandika jisimba kubwa wangepona kabisa, kwa kuwa kitu kikishakuzwa hivyo kinaruhusiwa kwenda na LI. Mtoto hakutikisika. "Lakini hawakuandika jisimba," akasema.

"Basi nikupe kosa kubwa kuliko la ngeli. Huyu wa kwanza si simba, na wa pili si paka."

Shemeji yangu, aliyekuwa kimya muda wote akisikiliza redio, akapunguza sauti. Yeye ni Yanga wa damu. "Rudia hapo, shemeji. Simba si simba?"

"Simbakubwa si simba."

"Miaka yote hiyo tunawaambia hawasikii!" Kijana wao mmoja aliyevaa jezi nyekundu akainuka, akatoka nje.

Hao wawili ni wa kundi linaloitwa hayenodonti. Jina hilo lina fisi ndani yake, na fisi nao hawahusiki, kwa hiyo ni mkanganyiko juu ya mkanganyiko. Walikuwa wala nyama wakuu wa Afrika enzi ambazo bara hili lilikuwa limetengwa na bahari, kabla halijagusana na Asia na wanyama kuanza kuvuka. Katika miamba yenye umri wa Pakakali hapa Afrika hajapatikana paka wa aina yoyote. Paka wa mwanzo walikuwa Ulaya na Asia, wakaingia huku baadaye. Kwa maana hiyo tumempa jina la paka mnyama aliyeishi Rukwa wakati paka bado hajapiga hodi. Hayenodonti wenyewe walitoweka bila kuacha hata kitukuu.

"Mtu anajuaje kwa meno tu?" mpwa wangu akauliza. Nikamwambia tulale, kesho twende bucha.

Nyama ya wageni ilikuwa inahitajika kwa vyovyote, nami nikajitolea. Bucha tuliyoingia ilikuwa na paja la ng'ombe limening'inia, gogo la kukatia lililochimbika katikati kama kinu, shoka moja, na visu viwili vyembamba ambavyo mwenye bucha alivinoa kwa kuvisuguanisha. Chini ya gogo alikuwepo niliyekuja kumtafuta: paka mwenye mistari ya kijivu, sikio moja limechanika, akipambana na kipande cha koromeo.

"Chuchumaa umtazame anavyokula," nilimwambia mpwa wangu.

Paka alikishika kipande kwa meno ya mbele, akajaribu, akashindwa. Ndipo akakilaza kichwa upande wa kulia mpaka shavu likakaribia sakafu, akakisukuma kipande ndani kabisa pembeni ya mdomo, akafunga taya. Kikasikika kitu kama mkasi ukikata kitambaa kigumu. Akageuza kichwa upande wa kushoto, akakata tena. Kisha akameza bila kutafuna.

Hapo ndipo ulipo ukoo wa paka wote, kuanzia huyu wa bucha hadi simba wa Mikumi. Kila upande wa mdomo wana gego moja la juu na moja la chini yaliyobadilika kuwa visu viwili vinavyopishana kama makali ya mkasi. Ni jozi moja tu kila upande. Taya lao linapanda na kushuka, halisagi kama letu, ndiyo maana paka hulaza kichwa: anaupeleka mkasi kwenye nyama. Hayenodonti alikuwa na jozi tatu kila upande, zimepangana kurudi nyuma. Ukilikuta taya kwenye droo hata miaka milioni 23 baadaye, unahesabu mikasi. Ikiwa mitatu, huyo si simba, mwite utakavyo.

Mwenye bucha alikuwa ameacha kunoa. "Na wale wa kwenye sinema, wenye meno yanayotokeza nje kama pembe? Nao si paka?"

Hao ni paka kweli, nilimwambia. Mpwa wangu akanigeukia na uso wa mtu aliyedhulumiwa: wale wenye majina ya Kiswahili si paka, na wale ambao ni paka hawana jina la Kiswahili. Hilo lilinichoma, kwa sababu lilikuwa kweli, au karibu na kweli. Ninayemjua ni mmoja tu wa kumpoza naye. Kisiwani Rusinga, Ziwa Victoria, kulipatikana paka mdogo wa miaka kama milioni 18 ambaye Lars Werdelin, mtafiti wa Sweden, alimwita Asilifelis: asili yetu, imeungwa na felis ya Kilatini. Paka halali, na ngeli hazimgusi.

Wale wenye meno marefu majina yao ni Dinofelis, Homotherium, Megantereon. Mtoto wa Gairo afanye nini na hayo? Lakini zana za kuwaeleza zilikuwa mbele yetu. Mfugaji mmoja wa Kimaasai, aliyeleta mbuzi kwa mwenye bucha, alikuwa ameegemea mlango na sime kiunoni. Chonge za juu za Megantereon ndizo hizo: ndefu, nyembamba, kingo laini, kama sime mbili zilizochomekwa mdomoni mwa mnyama wa umbo la chui aliyejaa misuli mabegani. Homotherium yeye alibeba kitara: chonge fupi zaidi, bapa, zilizopinda, na ukingoni zina vijino kama msumeno. Huyo alikuwa na kimo cha simba, miguu ya mbele mirefu, mgongo ukiteremka kidogo kuelekea nyuma. Dinofelis alisimama katikati, chonge zake si mviringo kama za chui wala si bapa kama kitara. Jina lake lina maana ya paka wa kutisha, na kwa hilo simpingi aliyelitunga.

Walikuwa wanyama wa nchi hii. Laetoli, kusini mwa Olduvai, mahali ambapo kikosi cha mtafiti Mary Leakey kilizikuta nyayo za watu wa kale waliotembea juu ya majivu ya volkano miaka milioni 3.6 iliyopita, mifupa ya Dinofelis na ya Homotherium imetoka kwenye miamba ileile. Waliotembea pale walikuwa wafupi, hawana hata kisu cha jiwe, na usiku unaingia.

Nikamuuliza mwenye bucha: ungekuwa na meno kama sime, ungeyatumiaje?

Hakufikiri sana. Aliinua kisu chembamba. "Hiki hakigusi mfupa. Kikigusa kinapata pengo, na kisu chenye pengo ni hasara. Kwa mfupa kuna shoka."

"Na kama huna shoka?"

"Basi unakata minofu, mengine unaacha. Ukikata kwa kisu peke yake unaacha nyama nyingi kwenye mfupa, hasa hapa," akagonga kwa kidole sehemu ya kiungo, "na uboho wote unaubakiza ndani."

Niliwahi kusoma kurasa nyingi za wataalamu wakisema hayo kwa shida zaidi. Chonge ndefu ni silaha ya kuulia mnyama aliyekwisha kubanwa chini kwa mikono yenye nguvu, shingo ikiwa imetulia. Zikigonga mfupa zinaweza kuvunjika, na chonge ya mkubwa haioti tena. Kwa sababu hiyo baadhi ya watafiti, akiwamo Curtis Marean aliyeandika juu ya jambo hili mwaka 1989, walipendekeza kwamba paka hawa waliacha mizoga yenye masalia mengi, na kwamba babu zetu walijua kuifuata. Olduvai, kwenye eneo ambapo Mary Leakey aliliona fuvu la Zinjanthropus tarehe 17 Julai 1959, kuna mifupa ya swala na nyumbu yenye alama za aina mbili: mikwaruzo ya zana za mawe na matundu ya meno. Robert Blumenschine alizisoma alama hizo na kuona mtu anafika mezani baada ya paka, akivunja mifupa kupata uboho. Wengine, Manuel Domínguez-Rodrigo akiwa mbele yao, wanasema hapana, mtu alikuwa wa kwanza na nyama nono ilikuwa yake. Wamebishana miongo na hawajachoka. Mimi sina sifa ya kuamua, ila nikitazama shoka na kisu vimelala kwenye gogo moja, nilimwona babu akiokota jiwe zito baada ya mwenye visu kuondoka.

"Kwa hiyo sisi tulikuwa wale wa kusubiri mabaki," mwenye bucha akasema, akanipimia kilo nne.

Mchana tulipanda kilima nyuma ya nyumba, mimi, mpwa wangu na mzee jirani aliyesema anakwenda kuangalia maharage yake, ingawa nadhani alitaka maongezi. Swali la mtoto lilikuwa la haki: kama Laetoli wanachimba na Rukwa wanachimba, Gairo je? Nilimwonyesha jiwe lililochomoza njiani, lenye michirizi myeupe na myeusi iliyokunjana kama unga uliokandwa. Miamba ya huku ni ya kale mno, imeshinikizwa na kupikwa chini sana ya ardhi kabla mnyama yeyote mwenye mfupa hajakuwepo. Kumtafuta paka humo ni kumtafuta samaki ndani ya tofali. Kisukuku kinahitaji matope ya ziwa au majivu ya volkano yanayofunika mzoga haraka. Ukaguruni mvua na mmomonyoko vimekuwa vikibeba kila kitu kwenda bondeni. Kama Dinofelis alipita mlimani hapa, na sioni sababu ya kutopita, alipita bila kuweka sahihi.

Mzee akasema chui aliweka. Akiwa kijana, mbuzi wawili walichukuliwa zizini usiku mmoja, na asubuhi mmoja akaonekana juu ya mti, ananing'inia kama nguo iliyoanikwa. "Hatukumwona mwenyewe. Chui humwoni. Unaona mbuzi wako yuko juu ya mti." Alinyamaza kidogo, kisha akauliza hao wenye meno marefu walikwenda wapi, na chui akabaki.

Ni swali gumu, na majibu yake yana dosari. Afrika ya Mashariki ilikuwa na wala nyama wakubwa wa aina nyingi, kisha kuanzia kama miaka milioni 2 iliyopita wakaanza kupungua. Mwaka 2013, Werdelin, yuleyule wa Rusinga, pamoja na Margaret Lewis walionyesha upungufu huo na kumtilia shaka mshukiwa mmoja: jamaa wa ukoo wetu, aliyekuwa ameanza kula nyama kwa bidii na kuwapora wengine mawindo. Hali ya hewa nayo ilibadilika, nyasi zikatanuka. Megantereon na Homotherium walitoweka katika kanda yetu kiasi cha miaka milioni 1.5 iliyopita, Dinofelis baada yao. Katika paka wakubwa, waliobaki ni simba anayetembea kwa kundi, duma anayeshindana kwa mbio, na chui, ambaye anakula chochote na kuficha akiba yake mahali ambapo mporaji hafiki.

"Juu ya mti," mzee akasema.

"Juu ya mti."

Homotherium hakuisha duniani wakati huohuo. Ndugu zake waliendelea Ulaya, Asia na Amerika kwa muda mrefu sana. Usiku ule, umeme ulipokatika na fisi mmoja akasikika mbali upande wa milimani, nilimwonyesha mpwa wangu kwenye simu picha ambayo tangu ilipotoka, Novemba 2024, sijaweza kuizoea. Ni mtoto wa Homotherium, wa wiki tatu hivi, aliyepatikana mwaka 2020 kwenye barafu kando ya mto Badyarikha, kaskazini mashariki mwa Siberia. Alilala humo zaidi ya miaka 35,000. Kimebaki kichwa na sehemu ya mbele ya mwili, na nywele zake: fupi, laini, kahawia iliyokoza. Shingo nene kuliko ya mtoto wa simba wa umri wake, nyayo za mbele pana. Chonge ndefu bado hazijaota.

Mpwa wangu aliivuta picha kwa vidole viwili mpaka wayo ukajaa kioo chote. "Ana manyoya ya kweli," akasema. Alikaa nayo hadi simu ikaanza kulia kwamba chaji inaisha.

Asubuhi nilikuta daftari juu ya meza. Chini ya Simbakubwa alikuwa ameongeza kwenye mabano: si simba. Chini ya Pakakali: si paka. Ukurasa mpya ulikuwa na wanyama watatu, na kila mmoja, baada ya jina lake refu, amepewa la hapa. Megantereon alikuwa Pakasime. Homotherium, Pakakitara. Dinofelis alimwachia nafasi na alama ya kuuliza. Akaniambia baadaye kwamba huyo hakumwelewa vizuri, na hapendi kumpa mtu jina kabla hajamwelewa.

Kikao cha mahari kilichukua saa nne. Washenga walikuja na maneno matamu na idadi ya chini, nasi tukajibu kwa maneno matamu na idadi ya juu, tukakutana mahali ambapo kila upande uliweza kujidai umeshinda. Niliongea kidogo, kwa uzito, kama inavyotarajiwa. Chakula kilipoletwa, paka wa dada yangu aliingia kwa hesabu zake, akakaa chini ya kiti cha mshenga mkuu. Mzee yule, mtu wa heshima zake, alidondosha gegedu bila kujua, au kwa kujua.

Mpwa wangu alikuwa anapita na jagi na beseni, akitunawisha. Alipofika kwangu akapiga goti, akamimina maji, macho yake yakiwa chini ya kile kiti. Paka alikuwa amelaza kichwa kulia. Mtoto akagusa shavu lake kwa kidole, hapo nyuma karibu na sikio, na midomo yake ikasema bila sauti: gego.